Tarehe Isiyosema Kweli

Likizo iliyopita, nyumbani Kwanza, kijana wa kidato cha nne aliniletea reale ya fedha aliyoachiwa na babu yake. "Mwalimu, ni ya mwaka 1780! Nikiiuza, karo yangu yote imekwisha."

Nilisita kumvunja moyo. Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye sura yake imo humo, alifariki mwaka huo huo wa 1780. Lakini wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikwisha kuiamini sura ile. Basi reale ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, hata London na Bombay katika karne ya 20. Nazo herufi S.F. zilizo chini ya sura zilikuwa za Schöbl na Faby, maafisa wa kiwanda cha Günzburg. Waliofuata walizinakili tu.

Sisi wanaisimu twajua kuwa alama hudumu hata maana yake ikihama. Walimu wenzangu, tusiwafunze vijana kusoma kilichoandikwa tu. Tuwafunze pia kuuliza ni nani aliyekiandika, na lini.

Reale ile ina gramu 23 na ushei za fedha halisi. Karo ingali yadaiwa.