Ua la sebuleni na mtoto anayetambaa

Jumatatu moja jioni, nikijiandaa kufunga kliniki, aliingia mama mmoja mkazi wa Umoja akiwa amembeba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akidondokwa na mate, midomo imevimba, na kilio chake kilikuwa cha kukwaruza kama cha mtu aliyepoteza sauti.

"Daktari, ni kama ameungua, lakini hakuna kitu cha moto alichokula," mama alisema.

Nilimwuliza mtoto alikuwa akichezea wapi. Sebuleni, akajibu, kando ya ua. Nilimwomba ampigie jirani simu atuletee jani moja la ua hilo, naye akalileta limefungwa kwenye gazeti: jani pana la kijani lenye mabaka meupe, na alama za meno madogo pembeni. Lilikuwa jani la Dieffenbachia, mmea ulioletwa kutoka Amerika ya Kati na Kusini, ambao utauona katika nyumba nyingi kuanzia Buruburu hadi Kayole. Waingereza waliupa jina la mmea wa bubu, kwa sababu anayeutafuna huvimba ulimi akashindwa kusema.

Msomaji ambaye amewahi kula nduma ambayo haikuiva vizuri anaelewa jambo hili tayari. Kule kuwasha kooni hutokana na fuwele ndogo mno, zenye ncha kali kama sindano, za kemikali iitwayo kalsiamu oksaleti. Nduma na Dieffenbachia ni wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba nduma huchemshwa, ilhali mtoto hula jani bichi.

Likitokea nyumbani kwako, mtoe mtoto mabaki ya jani mdomoni kwa kitambaa chenye maji, msuuze, kisha mpe maji baridi au maziwa baridi kidogo kidogo. Usimtapishe, kwa maana kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mara nyingi maumivu hupungua baada ya saa chache. Lakini mtoto akishindwa kumeza au akianza kupumua kwa shida, usingoje asubuhi. Kimbilia hospitali iliyo karibu, iwe Mama Lucy Kibaki au nyingine, na ubebe kipande cha jani. Mtoto wa Umoja nilikaa naye mpaka saa mbili usiku, uvimbe ukashuka, akaenda kwao amelala.

Kabla hawajaondoka, mama aliniuliza kama ayatupe maua yote. La hasha. Nilimwonyesha mmea ulio kwenye meza yangu ya mapokezi, ambao umedumu hapo miaka mingi bila dirisha la maana.

Jina lake la kisayansi ni Zamioculcas zamiifolia, na wauzaji huuita ZZ kwa kifupi. Majani yake ni mazito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wengi huuona kama kitu cha kigeni, kumbe ni mmea wa kwetu: humea mwituni kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1829, lakini ulibaki adimu madukani hadi miaka ya 1990, Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Leo aina yake yenye majani meusi huuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Mimi ningenunua ule wa kijani.

Siri yake iko chini ya udongo, ambako una viazi vinavyohifadhi maji. Ndiyo sababu unafaa sana mitaa yetu yenye mgao wa maji. Wiki mbili au tatu bila tone si taabu kwake. Kinachouua ni huruma ya mwenyewe anayeunywesha kila siku. Ingiza kidole kwenye udongo, na ukihisi unyevu, acha. Mwezi Juni na Julai, baridi inapoingia, punguza maji zaidi na uusogeze mbali na kioo cha dirisha.

Udongo ndio huwashinda wengi. Huku Eastlands ardhi yetu ni ule udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Ukiujaza kwenye kopo, viazi vitaoza. Uchanganye nusu kwa nusu na mchanga mkavu na kokoto ndogo, na utoboe kopo chini. Sahani ya chini ya kopo imwage kila mara, kwa maana kuna mbu anayetaga kwenye vyombo vya maji nyumbani, na huyo ndiye mwenezaji wa homa ya dengi. Mwanga wa dirishani unautosha, mradi jua kali lisiupige moja kwa moja. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Nao una zile fuwele, kwa hivyo uweke juu ya kabati na unawe mikono baada ya kuukata. Uvumi kwamba unaleta saratani hauna msingi wowote.

Hauna msingi vilevile ule uvumi mtamu zaidi, kwamba maua husafisha hewa ya nyumba. Ulianzia kwenye utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipiga hesabu upya wakaona kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ilingane na kazi ya hewa inayopita kwa kawaida. Katika chumba kimoja cha Pipeline pangebaki nafasi ya kulala wapi? Nimewaona wagonjwa wenye kikohozi kisichoisha, ambao jiko la makaa liko futi mbili kutoka kitandani, wakiniambia wameweka ua. Nawaambia wafungue dirisha, na jiko litoke nje kabla ya kulala.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata kunionyesha mtoto. Nilimkatia jani moja la ZZ, akalichomeka kwenye kopo la Kimbo. Nilimwonya kwamba huenda miezi ipite bila dalili yoyote, naye asilichimbue kuchungulia. Alilichimbua mara mbili. Mwezi wa saba likatoa kiazi chenye ukubwa wa punje ya mahindi.