Uteuzi wa Chakula cha Wadudu wa Kulishia Reptilia Wafugwao: Uwiano wa Kalsiamu na Fosforasi kama Kigezo cha Msingi

1.0 Utangulizi

Vinyonga na mijusi wengi wanaofugwa majumbani huko Marekani na Ulaya hutegemea wadudu kwa mlo wao. Miongoni mwao yumo kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na ambaye alifikishwa Hawaii mwaka 1972 kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Porini, kinyonga hukamata wadudu wa aina nyingi, ambao nao wamekula mimea ya aina nyingi. Anapofugwa, aghalabu hupewa aina mbili au tatu tu za wadudu, wengi wao wakiwa wamekuzwa kwa pumba za nafaka. Makala haya yanafafanua namna ya kuteua chakula cha wadudu hao. Hoja kuu ni kwamba chakula kinachomstawisha mdudu si lazima kimfae reptilia atakayemla mdudu huyo, na kwamba kigezo cha kwanza cha uteuzi ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi.

2.0 Upungufu uliomo katika mwili wa mdudu

Mdudu hana mifupa. Gamba lake limejengwa kwa kitini na protini, wala si kwa chumvi za kalsiamu kama ulivyo mfupa. Uchambuzi wa Mark D. Finke, uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Zoo Biology, ulionesha kuwa kilo moja ya nyenje waliokomaa ina takriban miligramu 407 za kalsiamu na miligramu 2,950 za fosforasi. Kwa mabuu ya mbawakawa wa unga, viwango hivyo ni takriban miligramu 169 na 2,850. Kwa hiyo uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi ni 1:7 kwa nyenje na 1:17 kwa mabuu hayo, ilhali mlo wa reptilia hupendekezwa uwe na uwiano usiopungua 1:1, na ikiwezekana ukaribie 2:1.

Athari za upungufu huu hazionekani mapema. Kalsiamu inapopungua katika damu, tezi za paradundumio hutoa homoni inayoifyonza kutoka katika mifupa. Mnyama huendelea kula na hata kunenepa, huku mifupa yake ikilainika. Baadaye taya hulegea, miguu hupinda mithili ya matege, misuli hutetemeka, na kinyonga hushindwa kurusha ulimi wake. Majike wanaotunga mayai na watoto wanaokua haraka huathirika zaidi.

3.0 Ushibishaji wa wadudu na hesabu yake

Ushibishaji, kwa maana inayotumika hapa, ni kumlisha mdudu chakula maalumu muda mfupi kabla hajaliwa, ili reptilia apate pia kilichomo tumboni mwa mdudu. Swali ni chakula gani kinaweza kurekebisha uwiano uliotajwa. Tuchukulie, kwa mfano tu, gramu 100 za nyenje walioongezewa gramu 5 za chakula tumboni. Nyenje wenyewe wana miligramu 41 za kalsiamu na 295 za fosforasi.

Pumba za ngano zina takriban miligramu 73 za kalsiamu na 1,013 za fosforasi katika kila gramu 100. Gramu 5 zake huongeza kalsiamu chini ya miligramu 4 na fosforasi miligramu 51. Uwiano hushuka na kuwa karibu 1:8. Kwa maneno mengine, pumba huzidisha tatizo.

Sukuma wiki mbichi ina takriban miligramu 232 za kalsiamu na 25 za fosforasi. Uwiano wake wenyewe ni mzuri sana. Lakini gramu 5 huongeza miligramu 12 tu za kalsiamu, na uwiano wa mlo mzima huishia karibu 1:6. Mboga za majani ni bora kuliko pumba, ila peke yake hazitoshi.

Sasa tuchanganye gramu 20 za kabonati ya kalsiamu na gramu 80 za pumba zilezile. Kwa kuwa asilimia 40 ya uzito wa kabonati hiyo ni kalsiamu, mchanganyiko huwa na kalsiamu asilimia 8. Gramu 5 zake huleta miligramu 403 za kalsiamu na 41 za fosforasi, na uwiano hupanda hadi takriban 1.3:1. Hesabu hii inaeleza kwa nini wataalamu wa lishe ya wanyama hupendekeza kiwango cha asilimia 8 au zaidi kwa chakula cha kushibishia nyenje, kiwango ambacho hakuna mboga inayokifikia.

4.0 Viambato vingine vya kuzingatiwa

Si kila jani la kijani linafaa. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi, nayo hushikamana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe utumboni. Mfugaji anayechagua kwa kutazama rangi ya jani tu anaweza kuteua jani lisilosaidia. Karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa huongeza karotini, jambo lenye manufaa kwa kuwa wadudu wengi wana vitamini A kidogo mno. Hata hivyo, kila kinacholiwa na mdudu kutoka katika tunda au mboga huchukua nafasi ya unga wa madini katika tumbo dogo. Kwa hiyo vyakula hivyo vitolewe kwa kiasi.

5.0 Muda na mipaka ya njia hii

Unga wa madini usagwe laini na utolewe kwa muda wa saa 48 hivi kabla ya wadudu kutumika. Usifanywe chakula cha kudumu cha kuzalishia, kwani kiwango kikubwa cha kalsiamu huongeza vifo vya nyenje. Aidha, mdudu asiyeliwa mapema huendelea kutoa choo, na faida ya ushibishaji hupotea.

Ushibishaji pia hauchukui nafasi ya mwanga. Ngozi ya reptilia hutengeneza vitamini D3 inapopata miale ya urujuanimno, na bila vitamini hiyo kalsiamu iliyoliwa haifyonzwi ipasavyo. Vilevile, aina ya mdudu ina uzito wake: mabuu ya nzi Hermetia illucens yana kalsiamu inayozidi fosforasi hata bila kushibishwa.

6.0 Hitimisho

Uteuzi wa chakula cha wadudu hauna budi kuanza na reptilia, kisha urudi kwa mdudu. Pumba hukuza nyenje wengi kwa gharama ndogo, nazo zinafaa kwa kazi hiyo. Siku mbili za mwisho za maisha ya nyenje, hata hivyo, zinahitaji chakula kingine, chenye kalsiamu ya kutosha kufidia fosforasi yote iliyomo mwilini mwake.