KENYA: Gurudumu la cherehani likibadilishwa, lipimwe

Wenzetu wa Kenya wanaoshona nguo za kuuzwa Marekani, huko Athi River na kwingineko, waliongezeka sana baada ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000 kufungua soko lile. Kazi yao ni ya mstari: mmoja hushona mfuko, wa pili ubavu, wa tatu kiuno, na kila mmoja anadaiwa idadi yake ya vipande kwa saa. Katika kazi ya namna hiyo gurudumu la mkono, lile lililo upande wa kulia wa cherehani, si kitu kidogo.

Mshonaji huligeuza ili ainue sindano na kutoa nguo. Tena katika mfereji wake hupita mkanda uletao nguvu kutoka kwenye mota chini ya meza. Likipasuka, ukingo wake huchana kiganja. Skrubu zake zikilegea, huzunguka bure huku sindano ikisita. Gurudumu kama hilo halifungwi kwa waya, hubadilishwa.

Kwanza fundi azime swichi na kuchomoa plagi. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mota za klachi huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatwa, na mguu ukigusa kanyagio sindano hushuka. Basi nguo iondolewe, vidole vikae mbali, kanyagio likanyagwe mpaka mota isimame kabisa. Ndipo kifuniko cha mkanda kitolewe, mkanda ushushwe, skrubu zilegezwe na gurudumu livutwe taratibu, bila kupindishwa. Nyundo isiguswe! Pigo moja laweza kusogeza shafti, na ndoano ya chini isikutane tena na sindano. Mishono itaruka, na lawama, kama kawaida, itamwangukia mshonaji.

Kabla ya kutia jipya, shafti isafishwe na kupakwa tone la mafuta. Skrubu inayokaa penye ubapa wa shafti ikazwe kwanza, kisha ya pili. Gurudumu lizungushwe kwa mkono kuelekea kwa mshonaji. Likienda laini, mkanda urudishwe. Ukibonyezwa katikati ubonyee kama upana wa kidole. Kifuniko kirudi kabla ya plagi.

Lakini liko jambo lisilosemwa sana. Tuseme mota huzunguka mara 2,850 kwa dakika, na puli yake ina kipenyo cha milimita 90. Gurudumu ambalo mfereji wake una milimita 75 litazunguka mara 3,420, na kila mzunguko ni mshono mmoja. Likiwekwa la milimita 60, mishono inakuwa 4,275. Mwendo umepanda kwa robo nzima, wala hakuna aliyeandika barua. Sindano hupata moto, uzi wa poliesta huyeyuka na kukatika. Msimamizi naye akiona mashine inakwenda mbio, huona ni haki kuongeza idadi ya vipande. Hesabu hiyo si sawa, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wa mshonaji huenda katika kuchukua kitambaa, kukipanga na kukigeuza. Mikono haikubadilishiwa gurudumu.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amweleze msimamizi hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1963, ulisema wazi kwamba mfanyakazi asilazimishwe kutumia mashine iliyoondolewa kinga zake. Kifuniko cha mkanda ni kinga.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo inataka pawe na kamati ya usalama. Kamati iombe daftari la mashine, na ndani yake paandikwe tarehe, jina la fundi, kipenyo cha gurudumu la zamani na cha jipya. Rula inatosha. Gurudumu la zamani lisitupwe mpaka jipya limewekwa kando yake na kupimwa, mshonaji mwenyewe akiwapo.