The African Queen (filamu)

The African Queen ni filamu ya vita ya mwaka 1951 iliyotengenezwa na Waingereza pamoja na Wamarekani. Iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Nyota wake ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata Tuzo ya Academy ya mwigizaji bora wa kiume, ambayo ni ya pekee aliyowahi kushinda.

Hadithi

Ni mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Wanajeshi wa Kijerumani wanachoma kijiji cha misheni, na mmisionari Mwingereza anafariki. Dada yake, Rose, anakimbia na Charlie Allnut, nahodha mlevi wa boti kuukuu ya mvuke. Rose anamshawishi washuke mto hadi ziwani, watengeneze topido kwa mitungi ya gesi na baruti, wakaizamishe manowari ya Wajerumani, "Louisa". Boti inapinduka katika dhoruba na wao wanakamatwa, lakini manowari inagonga mabaki ya boti na kulipuka.

Picha nyingi za nje zilipigwa Uganda na Kongo ya Kibelgiji. Wenyeji wa nchi inayopiganiwa huonekana kwa muda mfupi tu, kama waumini kanisani au askari. Huo ni upungufu mkubwa wa filamu hii.

Meli ya kweli

"Louisa" inatokana na Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika. Jina lilikuwa la gavana Gustav Adolf von Götzen. Ndiye yule aliyevuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo, Ngara, mwaka 1894 akielekea Rwanda. Barabara inayopita Nyakahura siku hizi inaishia mpakani hapohapo.

Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini mwaka 1915.

Kinyume na filamu, Waingereza hawakuizamisha. Walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kupitia Kongo, ambako vibarua Waafrika walikata njia na kujenga madaraja ili zivutwe nchi kavu. Boti hizo ziliteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuzamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen hazikuigusa. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilizotua majini zilidondosha mabomu Kigoma, lakini bado meli ilielea.

Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, Julai 1916, walipoiacha Kigoma. Kwanza walipaka mitambo grisi nzito isipate kutu, wakitumaini kurudi. Hawakurudi, ila grisi ilifanya kazi yake: Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo kwa jina la Liemba. Baadaye iliunganisha Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa miaka mingi.