Tundu la Sanduku la Spika

Mtu apitaye Mtoni jioni ya siku ya arusi, katika mitaa iliyo kando ya barabara ya Kilwa, husikia ngurumo ya muziki kabla hajaiona nyumba yenye arusi. Maneno ya mwimba singeli hupotea njiani, lakini ile sauti nene iitwayo besi hufika mbali, ikatikisa mabati na madirisha, hata kifuani mtu huisikia. Akikaribia ataona masanduku makubwa ya mbao yamepangwa moja juu ya jingine. Katika kila sanduku mna spika, na mara nyingi karibu na spika pana tundu la mviringo, au uwazi mrefu kama mlango wa sanduku la barua. Akiweka mkono mbele ya tundu hilo muziki unapolia, upepo utampiga vidoleni.

Tundu hilo ni la nini? Wengine husema kwamba limetobolewa ili spika ipate pumzi. Wengine husema kwamba ni pambo tu. Wote hawakupata. Tundu hilo lina kazi yake, na kazi hiyo ina kipimo chake. Tena asiyekijua kipimo hicho aweza kupoteza mbao, fedha, na spika yenyewe. Basi na tulichunguze jambo hili hatua kwa hatua.

Kwanza yatupasa kujua spika hufanya nini. Ndani yake mna koni, yaani karatasi ngumu iliyokunjwa mfano wa faneli. Nyuma ya koni umegandishwa mviringo wa waya mwembamba, nao hukaa ndani ya sumaku yenye nguvu. Umeme wa muziki upitapo katika waya, sumaku huuvuta na kuusukuma, na koni huenda mbele na kurudi nyuma. Koni hutikisa hewa, na mtikisiko huo ufikapo masikioni mwetu twauita sauti. Mtikisiko wa haraka ni sauti nyembamba. Mtikisiko wa polepole ni sauti nene. Sikio zima la kijana husikia tangu mitikisiko 20 hivi katika sekunde moja mpaka 20,000 hivi. Besi ya muziki hupatikana zaidi kati ya mitikisiko 40 na 100.

Sasa fikiri: koni iendapo mbele huisukuma hewa iliyo mbele yake, na wakati uo huo huivuta hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo spika moja hutoa sauti mbili zinazopingana. Sauti nyembamba haidhuriki sana, lakini sauti nene ina wimbi refu. Sauti ya mitikisiko 50 katika sekunde ina wimbi la urefu wa meta 7 hivi, na wimbi kubwa namna hiyo huizunguka spika kwa urahisi. Sauti ya nyuma huja mbele, ikakutana na mwenzake, nazo hufutana. Ni kama watu wawili katika shimo moja, mmoja akimwaga maji na mwingine akiyachota, shimo halijai. Ndiyo sababu spika iliyowekwa mezani bila sanduku hulia kwa sauti nyembamba tu, nayo besi haionekani.

Dawa iliyo rahisi ni kuitia spika katika sanduku lililofungwa kila upande. Sauti ya nyuma hufungwa ndani, na ya mbele hubaki peke yake. Dawa hiyo ni njema, lakini ina hasara mbili. Kwanza, nusu ya kazi ya koni hupotea ndani ya sanduku. Pili, hewa iliyofungwa humrudisha anayeibana. Ziba kwa kidole tundu la pampu ya baiskeli, kisha usukume mpini: utaona jinsi hewa isukumavyo nayo. Vivyo hivyo hewa ya sandukuni huizuia koni, na kazi ya kutoa sauti iliyo nene sana huwa ngumu.

Basi watu wakauliza: je, haiwezekani kuitoa nje sauti ya nyuma, lakini kwanza ikageuzwa ili isipingane na ya mbele, bali iisaidie? Yawezekana, na kazi hiyo ndiyo ya tundu. Tutaielewa kwa kutazama vitu viwili tunavyovijua, yaani chupa tupu, na jiwe lililofungwa katika mpira.

Twaa chupa tupu ya soda, uweke mdomo wako ukingoni mwa mdomo wake, upulize. Chupa italia kwa sauti moja nene. Itie maji kidogo, upulize tena: sauti imepanda. Kadiri uongezavyo maji, ndivyo sauti inavyozidi kuwa nyembamba. Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani aliyeishi tangu mwaka 1821 mpaka 1894, alilieleza jambo hili. Hewa iliyo katika shingo ya chupa ni kama jiwe dogo, maana ina uzito wake na huenda na kurudi yote pamoja. Hewa iliyo tumboni mwa chupa ni kama mpira uvutikao. Ikibanwa husukuma, ikivutwa hurudi. Jiwe na mpira vikiwa pamoja hucheza kwa mwendo mmoja wenye kipimo chake, na mwendo huo ndio mlio wa chupa hiyo.

Watu wa Afrika waliitumia kanuni hii kwa mikono na masikio yao. Wachopi wa Msumbiji huunda marimba waziitazo timbila, nazo UNESCO ilizitangaza mwaka 2005 kuwa hazina ya ulimwengu. Chini ya kila ubao hufungwa kifuu au kibuyu chenye tundu, na kila kimoja huchaguliwa kwa ubao wake: kikubwa chini ya ubao wa sauti nene, kidogo chini ya ubao wa sauti nyembamba. Kibuyu kisichopatana na ubao wake hakiukuzi mlio. Hivyo mwunda timbila ajua kwamba kila chombo chenye tumbo na mdomo kina sauti yake kimoja kimoja.

Sanduku la spika lenye tundu ni chupa ya namna hiyo. Mbao ni tumbo, na tundu, pamoja na bomba lililo nyuma yake ndani ya sanduku, ni shingo. Lakini halipulizwi kwa mdomo. Koni ndiyo huitikisa hewa yake kutoka ndani.

Sasa tufanye jaribio la pili. Kata utepe mwembamba wa mpira wa manati, ufunge jiwe la kadiri ya ngumi katika ncha moja, na ncha ya pili uishike mkononi, jiwe likining'inia. Jitenge na wenzako, jiwe lisije likampiga mtu. Pandisha na kushusha mkono polepole sana: jiwe litaufuata mkono, mkono ukipanda nalo hupanda. Kisha tikisa mkono upesi upesi: utaona ajabu, kwamba mkono ukipanda jiwe hushuka, na mkono ukishuka jiwe hupanda. Mwisho utafute mwendo ulio katikati ya hizo mbili. Hapo mkono hutikisika kidogo tu, na jiwe hupanda na kushuka kwa nguvu nyingi.

Mambo yote ya tundu la spika yamo katika jaribio hilo. Mkono ni koni, mpira ni hewa ya sandukuni, na jiwe ni hewa ya bombani. Muziki ukitikisa hewa polepole kuliko mlio wa sanduku, hewa ya bomba huifuata koni: koni ikiingia ndani, hewa hutolewa nje kwa tundu. Mmoja avuta na mwingine asukuma, na sauti zao hufutana. Lakini sauti ikipita mlio wa sanduku kwenda juu, mambo hugeuka. Koni itokapo, hewa ya bomba nayo hutoka. Koni iingiapo, nayo huingia. Wote wawili husukuma pamoja, na besi huongezeka. Na katika ule mwendo wa katikati, ulio mlio wa sanduku lenyewe, koni hutulia karibu kabisa, na sauti nyingi hutoka katika tundu. Ukipiga sauti moja tu ya kipimo hicho, utaiona koni imetulia na kumbe sanduku languruma.

Mtu aliyeifikisha akili hiyo katika hati ya uvumbuzi ni Albert Thuras, aliyefanya kazi katika maabara za simu za Bell huko Marekani. Aliomba hati mwaka 1930, akapewa mwaka 1932. Kwa muda mrefu baada yake mafundi walikata matundu kwa kujaribu na kusikiliza. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alitoa hesabu za kuyapima, na baada yake Richard Small aliziendeleza. Tangu hapo fundi aweza kujua mlio wa sanduku kabla hajashika msumeno.

Kanuni za hesabu hiyo ni tatu. Sanduku likiwa kubwa zaidi, mlio wake hushuka. Bomba likiwa refu zaidi, mlio hushuka. Lakini tundu likiwa pana zaidi, mlio hupanda. Kanuni hii ya tatu ndiyo iwadanganyayo wengi.

Tuseme kijana ana sanduku la lita 60, lenye bomba la upana wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 15. Mlio wake ni mitikisiko 42 hivi katika sekunde, nayo ni besi nzuri. Kijana ataka besi izidi. Ajisemea, "Sauti yatoka tunduni; nikilipanua, itatoka zaidi." Alitoa bomba, alipanua tundu mpaka upana wa sentimeta 20 katika ubao wenye unene wa sentimeta 2. Sasa mlio umepanda mpaka mitikisiko 90 hivi. Besi aliyoitaka imekimbia, na mahali pake pana mvumo mmoja wa kuchosha, sauti zote nene zikilia kana kwamba ni moja.

Hasara haikomi hapo. Chini ya mlio wake sanduku haliizuii koni tena, maana hewa hutoka na kuingia bila kubanwa. Kijana aongezapo sauti ili aitafute besi iliyopotea, koni hurukaruka kupita kiasi, waya wake ukagonga nyuma ya sumaku, au karatasi ikachanika. Spika yafa, naye asema ameuziwa spika mbovu, kumbe iliyoiua ni keekee na msumeno.

Wala tundu jembamba mno si jema. Hewa nyingi ikipita katika njia nyembamba huvuma kama mtu apulizaye moto, na mvumo huo husikika ndani ya muziki. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa huchagua tundu lenye upana wa kutosha, kisha huurefusha mwanzi wake mpaka mlio ushuke panapotakiwa, na kingo zake huzilainisha. Tena hukumbuka kwamba kushusha mlio kwa nusu si jambo dogo: kama bomba ni lile lile, sharti sanduku liwe kubwa mara nne.

Basi ukipita tena penye arusi, ukayaona masanduku yale, utajua kwamba tundu si pua ya spika wala si pambo. Ni shingo ya chupa kubwa, iliyopimwa ipatane na tumbo lake na spika yake. Na wewe ukitaka kuunda sanduku lako, anza kwa futi kamba na kalamu, ndipo ushike msumeno. Maana ubao uliokwisha kukatwa haurefuki tena.

Maswali

1. Kwa nini spika isiyo na sanduku haitoi besi?
2. Katika jaribio la jiwe na mpira, ni kitu gani kilicho mfano wa koni, na kipi ni mfano wa hewa ya bombani?
3. Ukitia maji katika chupa, mlio wake hupanda. Eleza sababu.
4. Kijana alipanua tundu ili apate besi zaidi. Alikosea wapi, na ingempasa kufanya nini?