Mbwa Asiye na Kwao na Mzee Akaaye Peke Yake

Mwezi huu twawaletea habari ambayo kwa wengi itakuwa ngeni. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko nyumba zilizojengwa kwa ajili ya mbwa wasio na mwenyewe. Mbwa aliyepotea, au aliyefukuzwa, au aliyefiwa na bwana wake, hupelekwa humo, akalishwa na kutibiwa, hata atokee mtu wa kumchukua. Na miongoni mwa hao wajao kuchukua wamo wazee waliofiwa na wenzi wao, ambao watoto wao wamekwenda kukaa mbali. Kwetu mbwa ni mlinzi wa boma, hulala nje na kula makombo. Kwa hiyo huenda msomaji akacheka. Twamwomba asicheke upesi, kwa maana upweke wa wazee umekwisha kuingia hata vijijini mwetu, ambako vijana wamehamia mijini na mama amebaki na kuku watatu na redio.

Katika nyumba hizo iliyo mashuhuri sana ni ile ya Battersea, mjini London. Aliyeianzisha ni mwanamke, Mary Tealby, mwaka wa 1860, hapo kwanza katika mtaa wa Holloway. Hakuwa kijana, alikuwa ametengana na mumewe, na ndugu yake aliyekuwa kasisi alimsaidia. Wengi walimdhihaki, na magazeti pia, wakiuliza mbona mbwa wajengewe nyumba katika mji wenye maskini wengi. Swali hilo si la upuzi, na hata leo lastahili kuulizwa. Lakini yeye hakuacha. Alikufa mwaka wa 1865, na mwaka wa 1871 nyumba ikahamishiwa Battersea, ambako ipo mpaka sasa.

Je, mzee apewe mbwa gani? Hapa wajukuu hukosea mara nyingi, maana hupenda mbwa mtoto, kwa kuwa apendeza macho. Mbwa mtoto hutafuna viatu, hukojoa sakafuni, hurukaruka, na huvuta kamba kwa nguvu. Na bibi wa miaka 78 akianguka akavunjika nyonga, furaha yote imekwisha. Tena mbwa huweza kuishi miaka 10 hata 13. Afadhali mbwa wa miaka 7 au 8, aliyetulia, aliyekwisha kujua adabu za nyumbani. Ndio hao ambao mara nyingi huachwa nyuma, kwa kuwa watu huwapita wakitafuta wachanga. Mbwa wa namna hii hataki kukimbia. Ataka kutembea polepole asubuhi na jioni, na kulala karibu na miguu ya mtu. Naye mzee, ambaye jana hakuona sababu ya kuondoka kitandani, leo huamka kwa kuwa yuko anayemngoja mlangoni. Akitoka naye nje, watu husimama na kumwuliza jina la mbwa, na hivyo huzungumza na wale ambao zamani walimpita tu.

Walakini twasema wazi: mbwa hawezi kuteka maji, wala kupika uji, wala kukumbusha saa ya dawa. Mtoto ampelekeaye mama yake mbwa ili yeye mwenyewe apunguze safari za kumtazama, amemtumia mbwa vibaya, na mama vibaya zaidi. Mlangoni pa yule tajiri wa Injili waliomkaribia Lazaro walikuwa mbwa. Hiyo ni aibu ya tajiri.

Liko na neno zito kuliko hayo: mzee akiugua au akifa, mbwa atakwenda wapi? Wako wazee wakataao kulazwa hospitali kwa kumhofia mbwa wao. Huko Uingereza chama kiitwacho Cinnamon Trust, kilichoanzishwa mwaka wa 1985, hufanya kazi hiyo. Watu wa kujitolea huja kumtembeza mbwa wa mzee asiyeweza tena kutembea, humtunza mbwa wakati mzee alazwapo, na yakiwapo mapatano ya mbele, chama humpokea mbwa baada ya msiba.

Kwetu vyama vya namna hiyo ni vichache, ingawa Nairobi iko nyumba ya mbwa ya chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Basi kazi ni ya jamaa na ya usharika. Kwanza mzee mwenyewe aulizwe kama amtaka mbwa. Kisha bwana mifugo amchanje mbwa huyo asipate kichaa, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Maana ugonjwa huo ukiisha kuonekana kwa mtu, karibu hauponi kamwe. Atakayeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Jirani Mwislamu asiyependa kuguswa na mbwa aheshimiwe, mbwa afungwe ajapo. Tena watoto wakae pamoja, mzee akiwapo, wakubaliane ni nani atakayemchukua mbwa siku hiyo ikifika. Jina lake liandikwe, likae pamoja na karatasi ya chanjo.