Mtambo na Mtamba

Nilipofika Mumbuni, Machakos, mwenyeji wangu hakuningoja nimalize chai. Alinitolea mtambo wake mkongwe wa kutafutia sarafu, akaniuliza: "Ustadhi, nimuuze mtamba wangu ninunue mpya?"

Tukaingia shambani. Mtambo ukalia kila hatua: msumari, kizibo cha soda, mara udongo mtupu! Mitambo hii hupeleka nguvu za sumaku ardhini, na madini yakizijibu, hulia. Udongo mwekundu wa kule una chuma ndani yake, basi ule mkongwe huhadaika. Mipya huweza kurekebishwa kwa udongo wa mahali, na hubagua msumari na fedha. Hapo mpya una haki yake.

Lakini, ndugu msomaji, chini mna nini? Kampuni ya Waingereza iliweka kituo Machakos kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Rupia yake, yenye jina la Mombasa yetu, ni ya 1888. Nayo sheria ya Makumbusho ya mwaka 2006 huhesabu kitu cha kabla ya 1895 kuwa cha kale: kukitafuta ardhini kwataka leseni. Zilizobaki ni senti zenye tundu za wakoloni, zilizopigwa kwa mamilioni. Hizo hazilipi mtamba.

Nikamwambia: "Mzee mwenzangu, badili betri, tembea polepole, mtamba abaki zizini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuambiwa auze kitanda."